Miwaridi ilipata jua Januari, Julai imebaki vijiti: ning'oe?

*Swali:* «Nimejenga Ilboru, Arusha, na sebule yetu inatazama kusini. Januari mwaka huu nilipanda miwaridi mitano chini ya dirisha la sebule, kama futi tatu kutoka ukutani. Nilihakikisha kwanza pana jua, na palikuwa panawaka asubuhi hadi jioni. Mitatu niliipata kwa kijana anayefanya kazi shamba la maua huko Usa River, ni ile ya maua makubwa yanayouzwa Ulaya. Miwili ni vipandikizi nilivyopewa na jirani, mama wa makamo, ya maua madogo ya pinki yanayotoka kwa vishada. Februari na Machi yote ilichanua. Masika yalipoanza, ile ya shambani ikapata madoa meusi, majani yakawa njano yakapukutika. Sasa ni Julai imebaki vijiti, na machipukizi machache yanayotoka yana unga mweupe. Ile ya jirani ina madoa kidogo tu. Duka la pembejeo walinipa mankozebu, nimepulizia mara tatu bila faida. Mama mkwe anasema nioshe majani kwa maji ya sabuni kila jioni. Jirani mwingine anasema ni njaa ya mbolea, nikaweka yurea. Mume wangu anasema waridi na kivuli haviendani, ning'oe. Mmoja pia umetoa tawi refu kutoka chini, majani yake tofauti, halijawahi kutoa ua. Kutoka ukutani hadi fensi ya kusini ni mita 4. Fensi ni ya tofali, urefu mita 2. Ukingo wa bati uko mita 3 kutoka chini na umetokeza zaidi ya nusu mita. Upande wa mashariki ninao ukanda mwembamba ila migrevilea ya jirani imeuinamia. Ning'oe? Na nikipanda mingine, ni waridi gani linavumilia kivuli na magonjwa?»

Dada, usiing'oe yote, na yule wa duka la pembejeo usimlaumu sana. Bila kujua, umefanya jaribio ambalo wengi wetu hatulifanyi: umeweka aina mbili za mwaridi mahali pamoja, kwa mkono mmoja. Mvua ileile, kivuli kilekile, yurea ileile. Mitatu imebaki vijiti na miwili imesimama na majani yake. Kama kosa lingekuwa la kivuli peke yake, yote mitano ingekuwa vijiti. Mumeo ana sehemu ya ukweli, lakini sehemu yenyewe siyo anayoifikiria.

Nianze na jua, maana hapo ndipo ulipodanganywa, na aliyekudanganya ni mwezi wa Januari.

Vitabu vingi vya bustani tunavyosoma vimeandikwa Ulaya, ambako jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini ni wa jua siku zote. Arusha iko nyuzi 3 na ushee kusini mwa ikweta, na kwetu jua linahama. Tangu mwanzo wa Oktoba hadi karibu katikati ya Machi, jua la saa sita mchana linapita kusini mwa nyumba yako. Miezi iliyobaki linapita kaskazini, na nyumba nzima inakuwa pazia la bustani yako ya sebuleni. Ulipokagua Januari uliona sawasawa, ila ulichokiona kilikuwa cha Januari.

Vipimo ulivyoniandikia vinatosha kupiga hesabu. Mwezi Juni, saa sita mchana, ukingo wa bati wa mita 3 unatupa kivuli cha kama mita 1 na nusu kuelekea kusini. Ongeza bati lililotokeza, kivuli kinafika karibu mita 2 kutoka ukutani. Hapo ni mchana, kikiwa kifupi kabisa. Asubuhi na alasiri kinakwenda mbali zaidi. Miwaridi yako iko futi tatu, haijafika hata mita moja. Maana yake mahali pale pamekosa jua la moja kwa moja tangu karibu mwisho wa Machi, na hapatalipata tena hadi katikati ya Septemba. Hicho siyo kivuli cha nusu siku ambacho mwaridi mvumilivu ungekihimili. Ni miezi karibu sita ya kutoliona jua kabisa.

Sasa angalia tarehe zenyewe. Mwisho wa Machi ndipo masika yanaposhika. Kivuli chako na mvua vimeingia pamoja, mlango mmoja, na ndiyo maana umeshindwa kujua kipi kimekuumiza. Kuna na la tatu ambalo hukuliandika, ila nashuku lipo: mita 0.9 kutoka ukutani, na bati limetokeza zaidi ya nusu mita. Kama hakuna mfereji wa kukinga maji, yanayomwagika kutoka kwenye bati yanaangukia futi moja tu mbele ya mashina. Kainame uangalie majani ya chini ya ile miwili iliyobaki. Ukikuta vitone vya tope vilivyokauka upande wa chini wa jani, basi maji ya bati yamekuwa yakirusha udongo na kila kilichomo hadi kwenye majani.

Na kilichomo ndicho kinachotuleta kwenye madoa meusi.

Ugonjwa huo unaletwa na kuvu anayeitwa Diplocarpon rosae. Watu wengi wanadhani fangasi wote wanasambaa kwa upepo. Huyu anasambaa hasa kwa maji yanayoruka. Mbegu zake zinakaa kwenye jani bovu lililoanguka na kwenye vidonda vidogo vya rangi ya zambarau kwenye matawi. Tone la mvua likipiga pale linazirusha hadi jani la chini, na kutoka jani la chini hadi la juu yake. Ndiyo maana mwaridi unaanza kupukutisha majani kutoka chini kwenda juu. Mbegu ikishatua inahitaji jani liwe limelowa mfululizo, kwa kawaida saa 7 au zaidi, ndipo iote na kupenya. Jani likikauka kabla ya hapo, mara nyingi inakufa bila madhara. Hali ya hewa inayompendeza ni kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi, yaani Arusha ya Aprili na Mei yenyewe.

Jani halianguki kwa sababu limeliwa lote. Jani lililoambukizwa linatoa ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, na gesi hiyo ndiyo inayoligeuza njano na kuliangusha likiwa na madoa matatu manne tu. Mmea unajivua wenyewe, halafu unatumia akiba yake kutoa majani mapya, nayo yanashikwa. Ukiachwa hivyo misimu miwili mitatu, unakwisha.

Ulaya wana bahati moja ambayo sisi hatuna. Baridi inapukutisha majani yote, na bustani inapumzika miezi kadhaa. Kwetu mwaridi una majani mwaka mzima, kwa hiyo kuvu hakosi mahali pa kulala hata wiki moja. Ushauri wa kitabu cha kizungu kwamba mwaridi fulani «unapata madoa kidogo» uupokee kwa tahadhari: kidogo cha kule, kwenye masika ya hapa kinaweza kuwa kingi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu mahali siyo tu panapata jua kwa muda gani. Jiulize pia jani likilowa saa kumi na moja alfajiri, litakauka saa ngapi. Kivuli hakizalishi ugonjwa. Kinachelewesha kukauka, na kinapunguza chakula ambacho mmea ungejitengenezea ili uzibe hasara. Ukuta unaozuia upepo unafanya vivyo hivyo hata penye jua.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini sabuni ya jioni haifai. Mama mkwe hakukosea kabisa, kwa sababu maji ya sabuni ni dawa nzuri ya vidukari. Lakini kulowesha majani saa kumi na mbili jioni ni kumpa kuvu usiku mzima wa maji bure. Mwambie kwa upole kwamba sabuni itatumika wadudu wakija, tena asubuhi.

Mankozebu nayo haikuwa feki. Ni dawa ya kukinga. Inakaa juu ya jani na kuua mbegu kabla haijapenya. Kuvu akishaingia ndani haimgusi. Wewe ulipulizia baada ya ugonjwa kuingia, mvua ikaisuuza, na majani uliyotaka kuyaponya yalikuwa yameshaanza safari ya kuanguka. Ili ikusaidie ungeanza kabla ya masika na kurudia kila baada ya siku 7 hadi 10 kwa msimu wote. Kwa bustani ya chini ya dirisha la sebule mimi sikushauri hivyo. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha dawa hiyo mwaka 2020 kwa sababu za afya, na hata hapa kwetu ambako bado inauzwa, sioni kwa nini nyumba ivute hewa ya dawa kila wiki kwa ajili ya mwaridi uliochaguliwa vibaya. Ukiamua kuitumia hata hivyo, soma lebo, vaa glavu na barakoa, funga dirisha, na watoto wasicheze hapo.

Huo unga mweupe ni ugonjwa mwingine kabisa, na tabia yake ni kinyume. Ni ubwiri unga. Huyu hahitaji jani lililolowa; mbegu zake zinapeperushwa na upepo, anapenda hewa yenye unyevu na baridi usiku, machipukizi laini, na kona isiyopitisha hewa. Julai ya Ilboru chini ya ukuta ni nyumbani kwake. Halafu ukamwekea yurea. Naitrojeni nyingi inatoa machipukizi marefu, mororo, yenye ngozi nyembamba, na hayo ndiyo anayoyashika kwanza. Acha yurea. Udongo wa miteremko ya Meru ni wa volkano na mara nyingi hauna njaa ya kutisha. Samadi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa shina mwanzoni mwa mvua, inatosha.

Sasa kwa nini ile mitatu ndiyo iliyoanguka? Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu.

Waridi la shamba la maua limezalishwa kwa ajili ya kitalu nyumba. Juu kuna plastiki, chini kuna mipira ya matone. Mmea huo unaweza kuishi miaka yake yote mvua isiguse jani lake hata siku moja. Ugonjwa wa madoa meusi unaotegemea maji ya kuruka hauna nafasi humo. Wanaohangaika na vitalu nyumba wanapigana na ubwiri unga, ubwiri vinyoya na ukungu wa kijivu unaoozesha tumba, na wanapulizia kwa ratiba. Wazalishaji wa aina hizo wanachagua urefu wa kikonyo, umbo la tumba, ua kudumu kwenye chombo na kuvumilia safari ya ndege. Hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kuuliza kama majani yake yatastahimili masika. Umechukua mmea uliolelewa chini ya paa ukauweka chini ya mchirizi wa bati. Isitoshe, maua yale makubwa yaliyojaa petali ndiyo yanayodai jua jingi kuliko yote, na yakinyeshewa yanagandamana na kuozea kwenye tumba.

Waridi la jirani limechaguliwa kwa njia nyingine. Limekaa bustanini kwa mama yule, limenyeshewa kila masika bila kupuliziwa, na lingekuwa dhaifu lingekwisha kabla hujahamia. Huo ni uthibitisho ninaouamini kuliko lebo yoyote.

Basi tupange. Kati ya ukuta na fensi una mita 4. Kivuli cha nyumba mwezi Juni kinachukua mita 2 za kwanza. Fensi ya mita 2, mwezi Desemba jua likiwa kusini, inatupa kivuli cha kama sentimita 75 upande wako wakati wa mchana. Katikati unabaki na ukanda wa zaidi kidogo ya mita moja ambao saa sita mchana unaona jua mwezi wowote wa mwaka. Panda mstari mmoja kwenye ukanda huo, mita 2 na nusu kutoka ukutani. Kwa hesabu yangu utapata takriban saa 5 za jua la moja kwa moja katikati ya siku mwezi Juni, na kama saa 8 Desemba. Toka ushike futi kamba uhakikishe mwenyewe: piga vigingi chini ukingo wa kivuli ulipo saa nne asubuhi, saa sita na nusu, na saa tisa alasiri. Bado tuko Julai, kivuli kiko karibu na upeo wake, kwa hiyo utakachokiona sasa ndicho kibaya kuliko vyote.

Utasikia ushauri kwamba jua la asubuhi ndilo bora kwa sababu linakausha umande. Ni kweli, kama lipo. Upande wenu wa mlima, Juni hadi Agosti mara nyingi mawingu yanakaa mpaka karibu na mchana, na jua linatoka watu wakiwa wameshakula. Ndiyo maana sikushauri uhamishie kila kitu mashariki kwa sababu ya kitabu. Jua la katikati ya siku ndilo la uhakika zaidi kwako. Pia mita 2 na nusu kutoka ukutani upepo unapita pande zote mbili, na maji ya bati hayafiki.

Dirishani hutapoteza kitu. Ukiwa umekaa sebuleni, mwaridi wa futi tatu kwa mbali kidogo unaonekana vizuri kuliko ulio chini ya kizingiti cha dirisha. Ile nafasi kati ya ukuta na maua iweke kokoto chini ya mchirizi, na njia ya kupita.

Ukanda wa mashariki nisingeupandia mwaridi wowote kwa sasa. Kivuli cha ukuta na kivuli cha mti havifanani. Ukuta unazuia mwanga tu. Mti unazuia mwanga, unakunywa maji ya ardhini, na mvua ikishakatika unaendelea kudondosha matone kwa muda mrefu, yaani unarefusha zile saa za kulowa nilizozieleza. Mgrevilea una nafuu kidogo kwa sababu majani yake yamechanika na mwanga unapenya, tofauti na mparachichi ambao chini yake ni giza. Tena unavumilia kupogolewa. Wakulima wa Meru na Kilimanjaro wanaukata matawi kwa kuni na unachipua. Zungumza na jirani. Akikubali kuondoa matawi ya chini, na mwaka ujao ukaona jua linaingia angalau saa 4, tutarudi kwenye mada. Asipokubali, begonia na majani ya kivulini yatapendeza pale kuliko mwaridi unaoteseka.

Kuhusu aina. Kwanza, hakuna mwaridi wa kivulini. Upo unaovumilia saa 4 au 5 za jua na bado ukachanua vya kutosha, na kwa kawaida utautambua kwa maua yake: madogo au ya kati, petali chache, yanayotoka kwa vishada. Ua dogo ni rahisi kulitengeneza kwa mwanga mdogo, na lililofunguka wazi linakauka haraka likinyeshewa. Kwa ugonjwa, tazama jani linalong'aa na gumu kidogo, ingawa hiyo ni dalili tu, haina uhakika.

Kwa majina: The Fairy, la tangu 1932, ni fupi, pinki, vishada vingi, na kwa ukanda wako wa mita moja ndilo ningelianza kulitafuta. Halina harufu ya kutajika. Knock Out, lililoingia sokoni mwaka 2000 kutoka kwa mzalishaji wa Kimarekani William Radler, ndilo lililojengewa jina kwa kushinda madoa meusi. Nalo harufu ni hafifu. Haya yote mawili yamo pia kwenye orodha ya Earth-Kind ya chuo kikuu cha Marekani, Texas A&M, waliojaribu miwaridi bila kuipulizia dawa, na joto na unyevu wa Texas vinanishawishi zaidi kuliko majaribio ya nchi za theluji. Ballerina la 1937, pinki lenye jicho jeupe na petali tano tu, linavumilia kivuli chepesi vizuri, ila lipe nafasi. Yale ya Pemberton, kasisi wa Kianglikana wa Essex, kama Penelope la 1924 na Felicia la 1928, yana harufu kweli na yanastahimili kivuli chepesi, lakini yanakuwa makubwa. Kwenye ukanda wako yatakuzibia njia. Mutabilis la jamii ya Kichina ni zuri na gumu, nalo ni kichaka cha kiwanja kikubwa.

Iceberg, jeupe la Kordes wa Ujerumani la 1958, utaambiwa na kila mtu kwamba linavumilia kivuli. Linavumilia. Lakini penye unyevu linapata madoa meusi bila shida, kwa hiyo kwako hapana. Peace la 1945 ni ua la kutia sanduku la kumbukumbu. Mahali pako litapukutisha majani kama yale ya shambani. Zéphirine Drouhin, lile la kutambaa lisilo na miiba ambalo orodha za kivuli huliweka juu, linashikwa na madoa na ubwiri vyote viwili.

Na jihadhari na jambo moja ambalo orodha za Ulaya hazikuambii. Miwaridi ya zamani ya jamii ya Alba inasifiwa sana huko kwa kivuli. Inachanua mara moja kwa mwaka, na inahitaji baridi kali ya majira yao ili iandae maua hayo. Ukiileta Arusha utapata majani mengi na kusubiri kwingi. Yetu ni ile yenye damu ya waridi la Kichina, inayochanua mfululizo bila kungoja majira.

Najua vilevile kwamba vitalu vingi vya barabarani hapa havina majina; utaulizwa unataka nyekundu au nyeupe. Pia madoa meusi yana jamii nyingi za kuvu, na mwaridi unaoshinda moja huweza kushindwa na nyingine, kwa hiyo hata jina kubwa siyo dhamana. Njia ya uhakika ni hii: mwisho wa Mei, masika yakielekea ukingoni, tembea mtaani uangalie bustani za watu, makanisa, shule za zamani. Tafuta mwaridi usiopuliziwa ambao majani ya chini, yale ya kiwango cha goti, bado yapo. Omba kipandikizi. Kinene kama penseli, sentimita 15 hadi 20, chenye macho matatu manne, kutoka tawi lililokwisha kuchanua. Kitaota kwa mizizi yake chenyewe. Ukinunua kitaluni, inua majani ya chini uyatazame. Mche uliotoka kwenye kivuli cha wavu ukiwa uchi miguuni, uache hapohapo.

Kwa wewe, mwaka huu, jibu la haraka ni kuongeza vipandikizi vya mwaridi wa yule mama. Tayari umeujaribu kwenye hali mbaya kuliko utakayoupa.

Kazi ya wiki hii: okota kila jani lililoanguka, toa na yale yenye madoa mengi, yachome au yafukie mbali, usiyatie kwenye mboji. Hamisha ile miwili ya jirani sasa. Mawingu ya Julai na Agosti yanakusaidia, mmea haupotezi maji mengi. Punguza theluthi ya matawi, chimba na bonge kubwa la udongo, acha mita moja kati ya shina na shina, mwagilia chini, asubuhi, usilenge majani. Weka matandazo ya nyasi kavu unene wa vidole vinne, yasigusane na shina. Matandazo hayo ndiyo yatakayozuia tope kuruka masika yajayo, na kwa madoa meusi yana faida kuliko chupa ya dawa.

Ile mitatu ya shambani, kwa maoni yangu, isikugharimu tena. Kama moyo unakataa, chagua wenye mashina ya kijani imara, kata hadi kwenye tawi lisilo na vidonda, uweke mahali pengine penye jua jingi, ikiwezekana chini ya paa la baraza ambako mvua haiupigi. Huko unaweza kukupa maua mazuri ya kukata. Ile yenye tawi refu la ajabu iangalie kwenye shina. Miwaridi ya shambani mara nyingi imebebeshwa juu ya shina la aina nyingine. Kenya na huku kwetu hutumika sana Natal Briar. Ukifukua ukaona tawi hilo linatoka chini ya mahali ilipobebeshwa, ni la mwenyeji, na litaumeza mgeni. Usilikate kwa mkasi, litachipua. Livute ling'oke na jicho lake. Kama juu ya hapo hakuna tena kilicho hai, unachomwagilia siyo lile waridi ulilopewa, ung'oe.

Kuna dalili ambazo hazitibiwi kwa maandishi. Ukiona majani yana madoa ya zambarau yenye pembe pembe na yanaanguka kwa siku mbili tatu hata yakiwa ya kijani, huo huenda ni ubwiri vinyoya, nao hauchelewi. Ukichimba ukakuta nundu ngumu kama jiwe kwenye shingo ya mzizi, hiyo ni bakteria. Usihamishe mmea huo mahali pengine, na usafishe jembe na mkasi. Matawi yakikauka kutoka chini wakati udongo una maji, hilo nalo linataka macho ya mtu. Una bahati ya kukaa karibu: Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake yako Ngaramtoni, na afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza. Nenda asubuhi, na uchukue majani ya hatua tatu: moja zima, moja linaloanza madoa, moja bovu kabisa. Yafunge kwenye gazeti au bahasha ya kaki, siyo mfuko wa plastiki, maana kwenye plastiki yanaoza njiani na mtaalamu atapima uozo badala ya ugonjwa wako.